Nyanya, mlango na tundu la mwanga: nilivyojifunza kamera hapa Mkomani

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kumalizia mfululizo wa hifadhidata, na nitaumalizia, inshallah. Lakini leo naomba mniruhusu niiache kompyuta kidogo, nimtembelee ndugu yake, yaani kamera. Tena nitapitia njia ya historia, kwa sababu mimi bila historia sikuelewa kitu.

Nyumbani kwetu hapa Mkomani kuna picha mbili.

Ya kwanza ni ya nyeusi na nyeupe. Ni nyanya yangu, mamake mama, alipokuwa msichana. Ilipigwa studio, huko mjini ng'ambo ya daraja, miaka ya 1960. Ukubwa wake ni kama kiganja. Nyuma ina muhuri wa studio, lakini wino umefifia hausomeki. Nyanya amekaa upandeupande, mkono umegusa kidevu, na uso wake unaonekana wote: mviringo wa shavu, kipini puani, hata kovu dogo juu ya nyusi alilolipata kwa kuanguka kisimani. Picha hiyo haikuwahi kutundikwa sebuleni wanakokaa wageni wa kiume. Ilikaa chumbani kwake, ndani ya kabati, imefungwa kwenye leso.

Ya pili nilipiga mimi. Kamera ya kidijitali ya mitumba, megapikseli 24, lenzi mbili, begi la mgongoni, mbwembwe zote. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, saa kumi za jioni, barabara nyuma yake inawaka jua. Mimi nilikuwa ndani. Nikaweka kamera kwenye "auto", nikabonyeza. Barabara ilitoka safi kabisa, unaweza kusoma tangazo la duka la ng'ambo. Nyanya alitoka kivuli. Kanga, umbo la kichwa, basi. Uso hakuna.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akacheka na utani wake wa siku zote: "Mume wangu, hiyo kamera yako inapiga watu au inapiga barabara?"

Nikamwambia nitampiga nyingine siku ya Idi. Idi haikumkuta.

Basi swali langu ni hili, na ndilo lililonipeleka kote nilikokwenda: mtu wa miaka ya 1960, mwenye kamera isiyo na kompyuta hata chembe, alimpataje nyanya yangu vizuri namna ile, na mimi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta na megapikseli 24 nikamkosa?

CHUMBA CHENYE TUNDU

Tuanze mbali. Neno kamera asili yake ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Chumba chenye giza na tundu moja dogo. Mwanga wa nje ukipita kwenye tundu hilo unachora ukutani picha ya nje, lakini kichwa chini miguu juu.

Aliyelichunguza jambo hili kwa majaribio ya kweli ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri katika karne ya 11. Alipanga taa kadhaa nje ya tundu akaona kila taa inatoa doa lake ndani. Ukiifunika taa moja, doa lake peke yake ndilo linalotoweka. Akahitimisha kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka, na miale haichanganyikani inapopishana kwenye tundu.

Kama umekulia nyumba ya mabati huhitaji kwenda Misri. Yale matundu ya misumari ni kamera tayari. Zile duara ndogo za mwanga unazoziona sakafuni mchana si umbo la tundu, ni picha ya jua lenyewe. Najua hivyo kwa sababu tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa jioni. Kule Turkana lilifunikwa lote, huku kwetu kipande tu. Nilikuwa bado mwanafunzi. Duara za ukutani ziligeuka zikawa hilali, kila msumari na hilali yake. Wakati ule niliona ni maajabu tu. Leo najua nilikuwa nimekaa ndani ya kamera.

Kilichokosekana toka Ibn al-Haytham ni namna ya kuishika ile picha isiondoke. Hilo lilitangazwa rasmi Ufaransa mwaka 1839, kwa njia ya Daguerre, ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huohuo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa upande huu wetu wa bara, karibu na maji. Mnara wao upo. Nikipita pale huwa nafikiri kwamba ufundi wa kushika sura ya mtu ulikuwa umeshapatikana duniani, ila ulikuwa bado haujafika hapa.

Ulichelewa kidogo tu. Mwaka 1860 James Augustus Grant, akiwa Unguja kabla ya safari yake na Speke, alipiga picha kisiwani. Baadaye studio ya A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, ikafunguliwa Unguja, kisha zikafuata nyingine, zikiwemo za akina Coutinho. Reli ya Uganda ilipokuwa inajengwa kutoka Mombasa, kuanzia 1896, mpiga picha W. D. Young alikuwa akiifuata na kamera yake. Kwa hiyo pwani hii ina umri mkubwa kwenye mambo ya picha kuliko tunavyodhani.

NAMBA TATU

Haya, sasa turudi kwangu mimi na kamera yangu ya mitumba. Baada ya matanga nilijifungia na kuanza kujifunza. Kamera yoyote, ya mwaka 1925 au ya mwaka huu, ina mambo matatu tu yanayoamua mwanga: tundu, muda na wepesi.

TUNDU ni ukubwa wa shimo ndani ya lenzi. Namba zake zilinichanganya sana: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Hivi ni mpangilio gani huu? Tena namba ikikua tundu linapungua! Nikakaa na karatasi. Namba hiyo ni urefu wa fokasi wa lenzi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Mwanga unaopita unategemea eneo la tundu, na eneo ni kipenyo kwa kipenyo. Kwa hiyo ukitaka mwanga upungue nusu, kipenyo unakigawa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.4. Anza na 1, zidisha kwa 1.4 mara kwa mara, utapata orodha yote ile. Niliruka kwenye kiti. Kumbe ni hesabu za kidato!

MUDA ni kilango kinachofunguka na kufunga, yaani shata: sekunde 1/60, 1/125, 1/250, 1/500. Kila hatua ni nusu ya iliyotangulia.

WEPESI ni jinsi filamu au sensa inavyouonea mwanga: ISO 100, 200, 400, 800. Kila hatua ni mara mbili. Zamani Wamarekani walikuwa na kipimo chao cha ASA na Wajerumani chao cha DIN, mpaka mwaka 1974 vikaunganishwa chini ya jina la ISO.

Umeona kitu? Vyote vitatu vinakwenda kwa mbili. Sisi watu wa kompyuta hii ndiyo lugha ya mama! Ukifunga tundu hatua moja na kurefusha muda hatua moja, mwanga unabaki uleule. Ni kujumlisha na kutoa tu.

Wazee wasiokuwa na kipimo cha mwanga walikuwa na kanuni ya kichwani: jua likiwa kali bila wingu, weka tundu 16, na muda uwe moja chini ya namba ya filamu. Filamu ya 100? Tundu 16, muda 1/125. Au, ambayo ni sawasawa, tundu 8 na muda 1/500. Niliijaribu nikiwa ufukweni upande wetu, natazama Fort Jesus ng'ambo ya maji. Asubuhi jua linatoka nyuma yako linaipiga ngome usoni, na kanuni inafanya kazi bila kukosea. Jioni jua linakwenda nyuma ya Mji wa Kale, ngome inakuwa nyeusi, na kanuni inakufa palepale.

Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Ngome ni ileile, imekaa palepale tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593. Kilichobadilika ni jua limekaa wapi.

MANENO YA MZEE

Siku za hitima alikuja mzee mmoja jirani. Sitamtaja jina kwa sababu hapendi. Kwenye miaka ya 1990 alikuwa mmoja wa wale wapiga picha wa feri ya Likoni. Wadau wa Mombasa wenye umri watawakumbuka: vijana waliokuwa na vibanda vya picha pale karibu na kivuko, nyuma wametundika pazia zilizochorwa meli, ndege, maghorofa, na maua ya plastiki kila mahali. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege iliyochorwa, akapigwa, akatuma picha kwao. Watafiti wamewaandika, na picha zao zimefika mpaka kwenye maonyesho ya Ulaya.

Mama alimwonyesha mzee picha yangu kwenye simu. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kijana, kamera haina makosa hapa. Kiti ndicho kilichokaa vibaya."

Nikamwuliza, "Kwa hivyo ningefanyaje, mzee?"

"Ungemgeuza. Yeye atazame barabara, wewe utoke nje. Basi. Ule mlango ungekuwa taa yako."

Kisha akanifundisha kitu ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote. Kabla hujamwita mtu akae, nyoosha mkono wako mwenyewe pale atakapokuwa uso wake, uzunguke polepole, utazame mwanga unavyobadilika kwenye ngozi. "Tazama mgongo wa mkono," alisema, "usitazame kiganja. Kiganja ni cheupe, kitakudanganya."

Nilikwenda mlangoni nikafanya hivyo, kisha nikapima na kamera. Kati ya barabara yenye jua na uso wa mtu aliyekaa mlangoni akitazama ndani kulikuwa na tofauti ya hatua nne. Hatua nne ni mbili kwa mbili kwa mbili kwa mbili, yaani uso ulipata mwanga mara 16 pungufu ya barabara. Kamera ikalazimika kuchagua mmoja. Ikachagua barabara kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye picha.

WATU WA STUDIO

Sasa tufunue albamu ya pwani. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, aliyeendesha studio yake kuanzia miaka ya 1940 mpaka miaka ya 1980. Picha zake zimeonyeshwa New York. Wachumba, marafiki, mabibi waliovaa dhahabu, wote walikwenda kwake, na mikao yao ina harufu ya sinema za Kihindi na za Hollywood zilizokuwa zikionyeshwa mjini. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akazunguka na kamera yake, kisha akafungua Bakor Studio katika miaka ya 1960. Bakor alikuwa akikata na kuunganisha: uso wa mtu ndani ya ua, ndani ya redio, katikati ya maandishi. Wanawe waliendelea na studio baada yake. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990. Bakor alikuwa na tabaka zake za mkasi na negativu miaka mingi kabla ya hapo.

Watu hawa walifanya kazi kwa masharti magumu. Mkanda wa aina ya 120 kwenye kamera ya picha za mraba unatoa picha 12, basi. Hakuna kioo cha kutazama kama imetoka. Ukikosea utajua ukiwa chumba cha giza, na mteja ameshavua nguo zake za sikukuu. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza. Taa kuu upande mmoja, juu kidogo ya macho. Upande wa pili taa dhaifu au kitambaa cheupe kurudisha mwanga ili kivuli kisiwe shimo. Mteja anageuzwa kidogo, kidevu kinashushwa. Hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye kamera.

Nikaitazama tena picha ya nyanya ya miaka ya 1960. Kivuli cha pua kinaanguka kushoto na kuelekea chini. Kwa hiyo taa ilikuwa kulia kwa picha, juu. Ndani ya jicho kuna nukta mbili nyeupe, moja kubwa, moja ndogo. Taa mbili! Miaka sitini baadaye bado unaweza kuisoma studio nzima ndani ya jicho lake.

MAKOSA YALIYOTOKA KIWANDANI

Lakini historia haijaisha, na hapa ndipo inapouma. Kwenye albamu yetu picha za miaka ya 1960 za nyeusi na nyeupe zina nyuso. Picha za rangi za miaka ya 1980, za harusi za mama wadogo, watu weusi zaidi wamepotea: meno na macho tu. Nilikuwa nadhani ni uchakavu.

Kumbe kuna sababu. Mpiga picha wa nyeusi na nyeupe alisafisha mwenyewe chumbani mwake. Uso ukiwa mzito, alibadilisha muda wa mwanga mpaka aridhike. Picha za rangi zilipelekwa kwenye mashine za maabara, na mashine zilipimwa kwa kadi za mfano zilizotoka viwandani. Kadi ya Kodak ilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na mafundi waliiita "Shirley", jina la mfanyakazi wa mwanzo aliyepigwa. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameifuatilia habari hii, na anaeleza kwamba msukumo mmoja wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea kwenye miaka ya 1990.

Sisi wa programu tusicheke. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya biashara inayotambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Ni Shirley yuleyule, sasa amevaa nguo za data. Ukiandika programu, ile thamani ya mwanzo unayoiweka bila kufikiri ni uamuzi juu ya mtu fulani ambaye hukumwona.

Na hata kamera ya leo ina dhana yake. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Sasa mpeleke harusi ya Mombasa! Bwana harusi na wenzake wamevaa kanzu nyeupe: kamera inasema "kweupe mno", inapunguza mwanga, kanzu zinakuwa za kijivu na nyuso zinakuwa nyeusi. Kundi la mabuibui meusi: kamera inasema "kweusi mno", inaongeza mwanga, mabuibui yanakuwa ya kijivu na nyuso zinaungua.

Dawa ni kinyume na hisia. Kwa kanzu, ONGEZA hatua moja. Kwa buibui, PUNGUZA hatua moja. Kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa ndicho kazi yake. Au pima uso peke yake, halafu usiruhusu kamera ibadilishe.

PINDO, MJI NA JINA

Kuhusu kupanga picha, kila mahali nilielekezwa kwenye kanuni ya theluthi: gawa picha mara tatu kwa upana na kwa urefu, mtu wako mweke kwenye mistari. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko kamera. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia uchoraji wa mandhari. Ni nzuri, lakini mimi haikuniingia mpaka nilipotazama kanga ya nyanya.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni mpaka unaozunguka pande zote. Mji ni kilichomo katikati. Jina ni yale maandishi, yaani inachosema. Siku hizi kabla sijabonyeza najiuliza mara tatu. Pindo: ukingoni mwa picha kuna nini, kuna mguu uliokatwa, nguzo ya umeme, taka? Mji: jicho litafikia wapi kwanza? Jina: picha inasema nini, na je, yale mengine yaliyomo yanasema hivyo au yanapiga kelele tu? Picha yangu ya mlangoni ilikuwa na pindo la kufaa, mlango wenyewe. Mji wake ulikuwa tangazo la duka.

PICHA ILE

Mtaniuliza kama niliikomboa. Nilijaribu. Niliifungua kwenye programu nikavuta vivuli juu. Tatizo ni kwamba niliihifadhi kwa JPEG, ambayo ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na uso wa nyanya ulikuwa umebanwa kwenye ngazi chache za chini kabisa. Ukizivuta hupati uso, unapata chembechembe na viraka vya kijani. Ningekuwa nimehifadhi faili ghafi ya biti 14, kila rangi ingekuwa na ngazi 16,384, na pengine kipini kingeonekana. Kamera ilikuwa na uwezo huo tangu siku niliyoinunua. Sikuwa nimefungua menyu.

Kwa hiyo naiacha ilivyo. Mama alitaka niifute, nikakataa. Umbo la kichwa ni lake, na anavyoinamisha shingo upande ni yeye mtupu.

Wiki mbili zilizopita nilimwomba mama akae kwenye kiti kilekile. Nikamgeuza atazame barabara. Nikatoka nje, nikanyoosha mkono, nikazunguka, mgongo wa mkono si kiganja. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya nyumba za ng'ambo, mwanga umepoa. Tundu 4, muda 1/125, ISO 200, faili ghafi. Nikapima shavu lake. Picha sita tu, nikasimama.

Mama alizitazama, akachagua ya tatu, akasema nimsafishie mbili: moja apelekewe mjomba Muscat, nyingine iingie kabatini, ndani ya leso, pamoja na ile ya mamake. Mtandaoni hapana. Kwa hiyo wadau mnisamehe, ukurasa huu hauna picha :-)

Kama una mzee nyumbani, fanya hivi leo, usingoje Idi:

- Mwombe ruhusa kwanza, na muulize picha itakaa wapi.
- Zima taa ya dari, mkalishe karibu na mlango au dirisha, uso kwenye mwanga, jua lisimpige moja kwa moja.
- Weka faili ghafi kama kamera au simu yako inayo.
- Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo ili ipimwe pale.
- Nguo nyeupe ongeza, nguo nyeusi punguza.
- Tazama ndani ya macho. Ukiona nukta ya mwanga, bonyeza.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, ahadi ni deni. Alamsiki.